Kichuguu cha Sista Yudita

Siku ya kuniaga mlinipa bati. Bando mbili, zimefungwa utepe mwekundu kama mali ya bibi harusi. Nilisimama pale mbele nikazitazama, nikasema asante, nikarudi kukaa. Miaka yangu yote katika ofisi ile nimegombana na bati tupu, lile linalopigiliwa juu ya ukuta bila kitu chochote chini yake, halafu mwisho wa ugomvi mnanikabidhi adui akiwa na utepe. Nilipofika nyumbani nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza kulikoni.

Basi, mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Nitaandika. Habari za vyeo sitawapa, maana vilikuja kwa kuchelewa na vingine havikuja kabisa, na mishahara ya mafundi sanifu mnaijua wenyewe, hamna haja ya kulia mara mbili. Nitawaambia nilivyoanza, nani alinifundisha, na habari ya jengo moja dogo ambalo nusura libomolewe kabla rangi ya milango haijakauka.

Mimi ni mtu wa Kibakwe, huko milimani Mpwapwa, ambako asubuhi unatoka na sweta na jioni unarudi umelivaa. Joto la Dodoma mjini nilikutana nalo siku ya kwanza ya kazi. Nilikuja na viatu vipya vinavyobana, cheti changu kwenye bahasha, na nia ya kuchora maghorofa. Nikapelekwa kwa Mzee Shabani, msanifu majengo aliyesimamia chumba cha michoro. Alikuwa mtoto wa mjini hasa, wa zile familia ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara wakanogewa wakabaki. Kofia yake ya viua haikutoka kichwani hata jua liwake vipi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umewahi kukaa ndani ya chumba cha bati saa saba mchana?"

Nilidhani ni swali la usaili. "Hapana, mzee. Kwetu kuna baridi."

"Basi leo hutashika kalamu."

Alinipeleka kwenye stoo ya ofisi, chumba cha tofali jembamba na bati juu, akaweka kiti katikati ya mapipa ya rangi, akaniambia nikae mpaka atakaporudi. Akaenda kuswali adhuhuri, akala, akanywa kahawa yake taratibu, ndipo akaja kunifungulia. Nilitoka nimelowa, viatu mkononi.

"Umeona nini?"

"Nimeona jehanamu, mzee."

"Jehanamu haichorwi. Joto limekujia kutoka wapi? Juu, pembeni, au chini?"

Sikujua. Akanyoosha kidole kwenye kile kiti. "Rudi ndani."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Hakuna mtu wa chumba chake aliyechora darasa, nyumba ya mwalimu au choo kabla hajakaa kwenye kingine cha aina hiyo mchana kutwa. Wapo waliomwita kichaa. Wapo walioomba uhamisho. Mimi nilibaki kwa sababu ya hasira, na hasira ikinikaa huwa nafanya kazi vizuri sana.

Vifaa vyetu mnaviona siku hizi kwenye kabati la kioo pale mapokezi, mnapiga navyo picha. Rula ya T, kalamu za wino ambazo zilikuwa zinaziba kila unapokuwa na haraka, na wembe wa kukwangulia makosa. Nyinyi mnafuta kwa kidole. Sisi ukikwangua sana karatasi inatoboka, na mjenzi anakupigia simu kuuliza hili dirisha dogo ni la nini. Lakini kifaa alichokithamini Mzee Shabani kuliko vyote kilikuwa kipimajoto cha kioo kilichofungwa kamba ndefu na kuvalishwa soksi ya mtoto. Alitembea nacho mfukoni kama watu wengine wanavyotembea na tasbihi, na tasbihi alikuwa nayo pia.

Nyuma ya ofisi ya zamani kulikuwa na mawe makubwa, na kwenye mawe hayo waliishi pimbi. Asubuhi walijianika juu ya jiwe, matumbo kwenye jua, hawana habari na mtu. Jua likipanda huwaoni tena. Siku moja Mzee Shabani alinipandisha huko, akateremsha kipimajoto kwenye ufa walimoingia, akanipa nisome. Juu ya jiwe usingeweza kuweka mkono. Ndani ya ufa palikuwa na ubaridi wa mtungi.

"Pimbi huyu hana degree," akasema. "Ana jiwe nene juu ya kichwa, kivuli, na upepo unaopita. Wewe una nini juu ya kichwa?"

"Bati."

"Sasa nani pimbi?"

Kwa wasiojua matusi ya hapa kwetu, hilo lilikuwa tusi. Nilicheka, lakini tangu siku ile nilianza kutazama wanyama kwa jicho la kazi. Nilitazama mbayuwayu anavyochagua upande wa ukuta wa kujengea. Nilimtazama kobe anavyojifukia kiangazi. Nilimtazama na punda wa jirani, ambaye mchana wote analigeuzia jua kichwa ili limpige sehemu ndogo ya mwili, wakati sisi tunajenga madarasa ubavu mzima ukiwa magharibi.

Halafu kikaja kichuguu cha Kizota. Nyuma ya karakana moja ya kuchomelea mageti, trekta lilikuwa likisafisha kiwanja likakata kichuguu kikubwa katikati, kama mtu anavyokata mkate. Mzee Shabani akapata habari, akanichukua mbio kabla hawajakisawazisha. Ndani palikuwa na njia za hewa, nene chini, nyembamba kadiri zinavyopanda, na katikati vyumba mchwa wanamofugia ukungu wao wa chakula, vyenye unyevu na ubaridi wakati nje udongo unapasuka. Hewa yenye joto inapanda na kutokea juu, yenye ubaridi inavutwa kutoka chini, na ule udongo mnene unalichelewesha jua lisifike ndani mpaka linazama. Hakuna feni, hakuna umeme. Nilichora mpaka mkono ukafa ganzi.

Kesho yake tulirudi nikamalizie. Sehemu yote iliyokatwa ilikuwa imezibwa. Mchwa walikuwa wamefanya kazi usiku kucha, tundu hata moja halikubaki. Nilikasirika kweli, maana mchoro wangu ulikuwa nusu.

Mzee Shabani alicheka mpaka akashika kofia. "Binti, jana ulichora nini?"

"Nyumba yao."

"Ile si nyumba, ile ni kazi. Leo wameziba hapa, kesho watatoboa pale, kulingana na siku ilivyoamka. Ukichora kichuguu, chora na mchwa."

Nilimwitikia kwa adabu. Nilikuwa nawaza jua na kwamba nimevaa viatu vibaya. Baada ya miaka alistaafu, kisha akafariki, Mungu amrehemu, na mjane wake akaniletea kipimajoto kikiwa bado na soksi yake.

Sitawachosha na miaka ya katikati. Nilichora madarasa, nyumba za waganga, na mabanda ya kuhifadhia zabibu kule Makutupora. Kila nilipoweza nilichomeka kitu cha pimbi au cha mchwa, dari la udongo chini ya bati na nafasi ya hewa katikati, au kuta nene upande wa machweo. Si kila kitu kilifaa. Banda moja la zabibu nililipa dohani nzuri sana ya kuvutia hewa, popo wakaipenda kuliko mimi, na msimamizi akanitumia ujumbe kwamba zabibu zinaendelea vizuri ila zinanuka.

Sasa nakuja kwenye kazi ninayotaka muikumbuke. Miaka yangu ya mwisho kazini, aliingia ofisini mwanamke mmoja na sare yake ya uuguzi, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa Sista Yudita, mkuu wa zahanati ya kijiji kilichoko mbele ya Makutupora. Hakusubiri kukaribishwa kiti.

"Dada mchoraji, nataka chumba ambacho mzazi atakubali kulala."

Nikamwambia anieleze. Akasema mama akishajifungua anatakiwa abaki angalau siku nzima na usiku wake, ili muuguzi amtazame asije akavuja damu. Lakini wodi yake ilikuwa chumba cha bati tupu. Ikifika saa sita wazazi wanaomba ruhusa, wasipopewa wanatoroka. Wanakwenda kulala kwenye tembe zao, zile nyumba za zamani za paa la udongo ambazo sisi wasomi tuliwaambia ni ushamba. Kule angalau kuna ubaridi.

Kisha akanisimulia habari ya Nyemo. Alikuwa msichana wa kijiji hicho, uzazi wa kwanza, mwezi wa kumi. Alijifungua salama. Mchana mama yake mzazi akaja kumwona, akamkuta mtoto anahema mdomo wazi, mwekundu kama pilipili. Akasema, huyu mtoto ataiva humu. Sista alibishana naye, akashindwa. Mama akamchukua binti yake na mjukuu, akaenda nao nyumbani, akamlaza pale penye ubaridi na kumfunika khanga. Damu ilitoka chini ya khanga ile na hakuna aliyejua. Walipogundua walikimbilia pikipiki. Ilipofika, Nyemo alikuwa ameshakata roho. Mtoto alipona.

"Siku ya msiba nilimlaumu yule mama moyoni," Sista Yudita akasema. "Kesho yake mchana nikaingia wodini, nikakaa kwenye kitanda cha Nyemo nione. Dada, na mimi nilitoka."

Mwanamke huyu alikuwa ameitimiza sheria ya Mzee Shabani bila hata kumjua. Nikamwambia nitachora, na nikachora kuliko nilivyowahi kuchora maishani.

Ilikuwa wodi ya vitanda vichache tu. Kuta nene za tofali za udongo zilizoshindiliwa. Bati tuliliacha, kwa sababu kijiji kilikataa katakata jengo la serikali lisilo na bati, na walikuwa na haki, tumewaimbia bati miaka mingapi? Ila chini yake nikaweka dari nene la fito na udongo, hewa ikipita katikati. Upande wa kivuli, karibu na ardhi, nikapanga mistari ya matundu yenye wavu wa kuzuia nyoka na mbu. Juu, dohani mbili zilizopakwa rangi nyeusi, ili jua lizichemshe, hewa ya moto ipande kwa kasi na kuivuta ya chini iingie. Kalibu ya kufyatulia tofali za matundu niliichongesha Kizota, karakana ileile, kwa mtoto wa fundi wa zamani.

Kijiji kilijitolea. Wanaume walifyatua tofali, wanawake walibeba maji. Kila siku niliyokwenda nilimkuta mwanamke mmoja, mrefu, mkimya, mjukuu mgongoni na ndoo kichwani. "Mbukwenyi," nilikuwa namsalimia kwa Kigogo, anaitikia kwa heshima, anaendelea. Walimwita Mama Nyemo. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Mafundi niliwaeleza kila tundu na kazi yake. Wabeba maji walikuwa wakipita tu.

Uzinduzi ukapangwa, tena kipindi cha joto, nikafurahi, nikasema wakubwa watauona ukweli kwa ngozi zao. Mgeni rasmi alikuwa mkubwa mmoja ambaye jina lake halina kazi hapa. Nilifika naye kwenye msafara. Wodi ilikuwa inang'aa. Kuta zilikuwa nyekundu laini kama chungu kipya, na pembeni zimepambwa michoro ya majivu na mkaa. Ngoma zinalia, vigelegele, utepe ukakatwa, tukaingia.

Mungu wangu! Lilikuwa tanuri. Mkubwa alianza hotuba akiwa amesimama wima, baada ya muda mfupi leso yake imelowa, akaikamua. Watu nyuma walianza kutoka mmojammoja kwa kujifanya wana simu. Mimi nilisimama mle ndani na akili yangu ilikuwa imesimama pia. Nilikuwa nimechora, nimepima, nimesimamia. Kulikuwa na nini?

"Wataalamu wetu wanatuambia wameiga kichuguu," akasema mkubwa, akicheka kwa shida. "Mimi nasema mchwa wabaki na vichuguu vyao. Wazazi wetu tuwape feni!"

Wakapiga makofi, kama kawaida. Nje akatoa amri palepale. Jumatatu mafundi waje, dohani zibomolewe, dari la udongo literemshwe, uwekwe ubao mwepesi na feni. Umeme wenyewe kijijini pale ulikuwa unakuja na kuondoka upendavyo. Kisha wakaenda shuleni kula pilau.

Sista Yudita alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. "Uliniambia kutakuwa na ubaridi. Uliniahidi."

Nilitoa kipimajoto, nikazunguka nje upande wa kivuli ili nikiteremshe kwenye tundu. Hapakuwa na tundu. Nilitembea kutoka kona hadi kona, ukuta laini kabisa. Nikadhani nimechanganyikiwa, nikarudi kuhakikisha ni upande uleule. Kisha nikapitisha kiganja, nikaona sehemu moja bado ina unyevu.

Mama Nyemo akaja nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa anatabasamu. "Umeona tulivyosiriba? Wanawake wote wa kitongoji. Tumemaliza jana jioni."

"Mama, matundu yako wapi?"

"Tumeziba! Mgeni mkubwa anakuja, akute nyumba ya wazazi ina matundu kama chungio? Si atasema hapa hakuna wanawake?"

Ndivyo ilivyo huku. Kabla ya mgeni au harusi nyumba inasiribwa upya, na tundu ukutani ni aibu ya mwenye nyumba. Walikuwa wamechekecha udongo mzuri, wakauchanganya na samadi, wakajaza kila tundu kwa vidole mpaka ndani. Na juu, vijana wa kitongoji walipanda kwa ngazi wakafunika dohani kwa mawe bapa, isije mvua ikanyeshea watoto. Kazi safi, hata fundi wa lipu asingejua palikuwa na tundu. Kwa Mama Nyemo hii wodi ilikuwa ya mwanawe, na aliitengeneza ipendeze.

Ningenyamaza, lakini Sista Yudita alikuwa amechemka. "Mama Nyemo, matundu yale ndiyo yangeleta ubaridi. Ndiyo yangewafanya wabaki!"

Mama yule alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akatazama mikono yake, bado ina udongo kwenye kucha. "Nimeziba mwenyewe," akasema. Akakaa chini, pale pale mavumbini, na khanga yake mpya ya uzinduzi. Niliumia. Nimeona majengo yakianguka katika kazi hii na sikuumia vile. Sista naye hasira zikamwisha, akakaa chini pembeni yake, akamshika bega.

Ofisini waliniuliza baadaye kosa lilikuwa la nani. Niliwaambia wakikosa kazi watafute kosa, mimi nina wodi. Pale ukutani nilikuwa nawaza kitu kingine kabisa, kicheko cha Mzee Shabani kule Kizota. Mchwa nao walikuwa wameona tundu wakaliziba. Tofauti ni kwamba mchwa wanajua pia kulitoboa.

Nikakaa chini na mimi, tukawa watatu, nikawaeleza habari ya kichuguu tangu mwanzo.

"Mchwa nawajua," Mama Nyemo akasema. "Walikula mlango wangu."

"Hao hao, mama."

Alifikiri. "Sawa, tufungue. Na mwezi wa saba, ule upepo ukianza? Tundu liko usawa wa kitanda. Mtoto mchanga si utampiga kifuani?"

Jamani. Nilikuwa nimechora jengo la mwezi wa kumi, nikasahau kwamba mwaka una miezi mingine. Huu upepo wetu wa kipupwe mnaujua, unapita hadi kwenye mifupa. Nikamwuliza yeye angefanyaje.

"Upepo ukija tunasiriba, udongo mwepesi tu, bila samadi. Joto likirudi tunabomoa. Kusiriba tunasiriba kila mwaka, nani atatufundisha? Kubomoa ndiyo rahisi zaidi." Akainuka, akakung'uta khanga, akawaita wenzake kwa Kigogo kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Wakubwa wakiwa bado wanakula pilau, wanawake walikuwa wamepiga magoti ukutani na visu, vijiti na mipini ya vijiko, wanachokoa. Vijana wakarudishwa juu kuondoa mawe. Usiku ule na uliofuata kuta zilipoa.

Jumatatu mafundi wakaja na nyundo. Kiongozi wao aliitwa Fundi Joeli, mtu mnene mwenye sauti ya mbali. Nami nilikuwepo, nimeomba ruhusa ya ugonjwa, na kweli nilikuwa naumwa. Sista Yudita akawapokea kama wakwe. "Karibuni, jua kali hili, kuleni kwanza. Tumewaandalia humo ndani." Wakala ugali wa mtama na mlenda, wakashiba. Fundi Joeli akaegemea kitanda apumzishe mgongo. Wenzake wakanyoosha miguu sakafuni. Baada ya muda ilisikika mikoromo, na nyundo zimelala nazo.

Mkubwa alikuja mchana kukagua amri yake. Alikuta dohani zimesimama na fundi mkuu anaota.

"Joeli! Umetumwa kulala hapa?"

Joeli akashtuka, akapangusa mdomo. "Samahani, mheshimiwa. Humu ndani mbona pazuri hivi?"

"Keti kidogo, mheshimiwa," nikamwambia. "Ukipata joto tubomoe, nitashika nyundo mimi mwenyewe."

Akaketi, shingo upande. Akatoa leso kwa mazoea, akaishika, akairudisha mfukoni ikiwa kavu. "Mmewasha kitu gani?"

"Tumetoboa tu."

Hakuomba radhi. Aliomba chai. Amri ya kubomoa haijafutwa rasmi mpaka leo, imesahaulika tu, na katika kazi yetu hiyo ni heshima kubwa. Kijiji kikaanza kupaita pale kichuguuni. Zile bati zenu, kama mmekuwa mkijiuliza, zimekwenda huko. Zimeezeka jiko la ndugu wanaokuja kupikia wazazi, na chini yake nimeweka dari, msidhani nimezeeka kiasi hicho.

Lakini kumlaza fundi si hoja. Fundi ukimpa kivuli atalala popote. Sista Yudita hakuomba chumba cha kumlaza fundi, na wiki zile za mwanzo alinipigia simu kila siku na hofu yake. Wazazi walikuwa wakisifia ubaridi, halafu mchana ndugu wanakuja kuwachukua vilevile. Mazoea yana mizizi. "Wanasema panapendeza," akaniambia, "kisha wanafunga mizigo."

Siku moja akanipigia alfajiri. Ester, mdogo wake Nyemo, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. "Njoo," akasema. "Mama yake atakuja mchana, na mimi peke yangu siwezi kubishana naye mara ya pili."

Nilifika jua likiwa utosini. Ester alikuwa amelala upande wa ukuta, mtoto kifuani, hahemi mdomo wazi, halii. Sista alikuwa anakunja mashuka ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa. Kisha tukamwona Mama Nyemo anakuja kutoka njia ya kijijini, sufuria ya uji kichwani, khanga ya kumbebea mtoto begani, na yule mtoto wa Nyemo, sasa anatembea, kamshika kidole.

Alisimama mlangoni. Alitazama kitanda, akamtazama Sista.

"Ester, mwanangu," akasema. "Nimekuja kukuchukua."

"Mama, mimi siondoki," Ester akasema, hata kichwa hakunyanyua. "Hapa pana ubaridi. Njoo kesho."

Mama Nyemo alishusha sufuria sakafuni. Akapiga magoti karibu na kitanda, akaweka kiganja mbele ya tundu la ukutani alilolichokoa kwa mkono wake, akakiacha pale hewa ipite katikati ya vidole. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akaichukua ile khanga ya kubebea, akaikunja vizuri, akamwekea Ester chini ya kichwa.

"Haya," akasema. "Huyu namwacha."